Programu Inayongoja Jibu Lisilofika

Hebu tumfikirie mwanafunzi wa Mbwera, katika delta ya Rufiji, aliyeandika kwa lugha ya Python programu ndogo ya kukokotoa mavuno ya mpunga. Mstari wake wa kwanza ni huu:

magunia = int(input("Magunia mangapi? "))

Anaiendesha humo humo ndani ya kihariri alimoiandikia. Swali latokea, achapapo 12, hakuna kinachoandikika. Au programu yakatika papo hapo na kuacha neno EOFError. Mwanafunzi hudhani amekosea, akaufuta mstari ulio sahihi kabisa. Nimewaona hata wanafunzi wa chuo kikuu wakifanya hivyo.

Kosa halimo katika programu. Kwa desturi iliyotokana na mfumo wa Unix, ulioanza kubuniwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969, programu inapoanza hupewa mikondo mitatu: namba 0 huingiza data, namba 1 hutoa matokeo, namba 2 hutoa taarifa za makosa. Programu haiijui kibodi. Huujua mkondo namba 0 tu, na anayeianzisha ndiye aamuaye mkondo huo utoke wapi. Mkazi wa Mbwera hahitaji maelezo marefu hapa: Rufiji hugawanyika mikono mingi kabla ya kufika baharini, na chombo kilichoingia mkono mwingine hakifiki kilikokusudiwa.

Basi, vihariri kadhaa huelekeza mikondo 1 na 2 kwenye kidirisha chao cha matokeo, lakini mkondo 0 hauunganishwi na kibodi. Ukiwa umefungwa, Python hukuta mwisho wa data na kulalamika. Ukiwa wazi pasipo wa kuujaza, programu hungoja bila kikomo. Ndivyo kilivyo kidirisha cha Sublime Text, na kile cha Code Runner ndani ya Visual Studio Code. Katika Code Runner, weka code-runner.runInTerminal kuwa true. Kwingineko, fungua dirisha la terminali, ingia katika folda yenye faili, uandike python3 mpunga.py, katika Windows, py mpunga.py.

Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili darasani. Andika 12 katika faili iitwayo majibu.txt, kisha:

python3 mpunga.py < majibu.txt

Programu itapata jibu lake pasipo mtu kugusa kibodi. (PowerShell huikataa alama hiyo, tumia Command Prompt.) Faili hiyo moja yatosha kuzipima programu za darasa zima kwa data ile ile.