Bangi Fupi Isiyongoja Usiku Mrefu

Mtu aliyezoea bangi ya kienyeji, ile inayopita kimo cha mtu na kufichwa katikati ya mahindi, aweza kuupita mmea wa aina nyingine uliofika magotini tu, nao umekwisha kutoa maua, asiutambue. Aina hiyo ni chotara. Sehemu kubwa ya nasaba yake huitwa indika. Jina hilo Mfaransa Lamarck alilitoa mwaka 1785 kwa mimea ya Bara Hindi, lakini wauza mbegu wa siku hizi wamelihamishia kwa bangi ya milima mikavu ya Afghanistan. Kutoka huko chotara huyu amerithi ufupi, majani mapana yenye rangi iliyokoza, na maua yaliyoshonana, yenye utomvu wa kunata. Nasaba ya pili ni ruderalisi, gugu la Urusi lililoelezwa na wataalamu mwaka 1924, nayo ndiyo inayompa tabia ya kuchanua kwa umri wake.

Bangi ya kawaida huhesabu usiku. Usiku urefukapo, huanza kuchanua. Kule Urusi, ambako mchana wa kiangazi ni mrefu mno na baridi huwahi kuingia, mmea unaongoja hufa kabla ya kukomaa. Ndipo gugu lile likajizoeza kuchanua wiki chache tu baada ya kuota, liwe giza au nuru.

Sasa, sifa hiyo yafaa nini Kasese? Mstari wa ikweta hupita karibu na Kikorongo, mahali barabara ya Bwera inapoachana na ile ya Mbarara, na mwaka mzima usiku na mchana hukaribia kulingana, saa 12 kwa 12. Hapa bangi ya kigeni inayohesabu usiku huchanua mapema hata bila damu ya ruderalisi, na mwenye leseni atakaye ikue kwanza hana budi kuiwashia taa. Anayeuza shamba la kahawa ili anunue mbegu za ajabu amelipia dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Tena kuna mvua. Bonde la Kasese ni kavu kiasi, lakini vilima vya Bwera, chini ya Rwenzori, hupata misimu miwili ya mvua kila mwaka. Maua yaliyoshonana hushika maji, kuvu likaingia ndani, yakaoza huku kwa nje yangali mazuri.

Huko Hima, kampuni ya Industrial Globus Uganda ilijenga nyumba za kuoteshea bangi ya dawa mwishoni mwa miaka ya 2010, kwa kushirikiana na kampuni ya Kiisraeli. Mahakama ya Katiba iliibatilisha sheria ya dawa za kulevya Mei 2023. Bunge likapitisha nyingine mwaka huohuo. Kulima bila leseni kumebaki kosa, na sheria haiulizi kimo cha mmea.

Kwa hiyo askari wa doria, na mzazi akaguaye shamba lake, wasitazame urefu bali jani. Jani la bangi lina vidole, aghalabu vitano hadi tisa, na kingo zenye meno kama msumeno. Likisuguliwa hutoa harufu kali. Muhogo nao una vidole, ila kingo zake hazina meno, na kikonyo chake kikivunjwa hutoa utomvu mweupe.