Uraibu wa kokeini hupimwaje? Mkojo peke yake hautoshi

Mzazi akimshuku kijana wake kuwa anatumia kokeini, mara nyingi wazo la kwanza ni kumpeleka akapimwe mkojo. Je, majibu hayo yanatosha kusema kijana ni mraibu? Tunafafanua.

Mkojo unasema nini?

Kipimo hicho hutafuta mabaki ya kokeini baada ya mwili kuivunjavunja. Kwa kawaida huonekana kwa siku 2 hadi 4, na zaidi kwa anayetumia sana. Kwa hiyo aliyeonja mara moja juzi anaweza kukutwa nayo, na mraibu aliyekaa wiki kadhaa bila kuipata asikutwe nayo. Mkojo unaonyesha kama mtu ametumia karibuni. Hauonyeshi kama ameshindwa kujizuia, na huko ndiko kwenye uraibu.

Maswali 8

Ndiyo maana wahudumu wa afya hutumia maswali. Shirika la Afya Duniani, WHO, lina dodoso liitwalo ASSIST, lenye maswali 8 kuhusu pombe, tumbaku na dawa za kulevya, kokeini ikiwamo.

La kwanza: umewahi kutumia? Manne yanayofuata huangalia miezi 3 iliyopita: umetumia mara ngapi, umepata hamu kali mara ngapi, imekuletea matatizo ya afya, fedha, familia au sheria, na umeshindwa kutimiza wajibu wako? Kisha: kuna ndugu au rafiki aliyeonyesha wasiwasi? Umejaribu kupunguza au kuacha ukashindwa? La mwisho linahusu kujidunga sindano.

Alama zinasomwaje?

Swali la 2 hadi la 7 yana alama. Kwa kokeini, jumla ya 0 hadi 3 ni hatari ndogo, 4 hadi 26 ni hatari ya kati, 27 na kuendelea ni hatari kubwa.

Tuchukue mfano. Kijana ametumia kila mwezi (3), amepata hamu kali kila mwezi (4), imemletea matatizo mara moja (4), na dada yake ameonyesha wasiwasi mwezi uliopita (6). Mengine amejibu hapana. Jumla ni 17, hatari ya kati. Huyu anahitaji mazungumzo mafupi na mhudumu wa afya sasa, kabla hajafika mbali. Angefikisha 27, angepelekwa kwa mtaalamu kwa uchunguzi kamili.

Alama si hukumu

Dodoso huchuja tu. Anayethibitisha uraibu ni mtaalamu. Pia hufanya kazi pale tu mtu anapojibu ukweli, na hakuna anayesema ukweli mbele ya baraza la ukoo au akitishiwa polisi. Aulizwe faraghani, na mhudumu anayetunza siri.

Kwa kokeini hakuna dawa inayofanya kazi kama methadoni inavyofanya kwa waraibu wa heroini. Tiba kuu ni ushauri nasaha, na ushauri huo huanza na mtu kukubali kuongea. Ukimfukuza nyumbani kwa sababu ya majibu ya mkojo, utakuwa umemfungia mlango huo.