NYONGA MPYA, NA BUNDUKI KABATINI



Katika ukurasa huu wa afya tumekwisha kuzungumza mara kadhaa juu ya maumivu ya viungo kwa watu wa makamo na wazee. Mwezi huu tunaendelea mbele kidogo. Tumtazame mtu ambaye amekwisha kuwekewa kiungo bandia, amerudi nyumbani, kidonda chake kinapona vizuri, lakini hana raha. Hana raha kwa sababu jambo alilolipenda miaka yote amekatazwa kulifanya, na hakuna aliyemwambia ni mpaka lini.

Tunayemfikiria ni mzee mmoja wa miaka 67, mwalimu mstaafu, ambaye ametukubalia tusimulie habari zake ilimradi tusimtaje jina. Kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa na mazoea yake ya Jumamosi. Aliamka kabla ya jua kuchomoza, akachukua shotigani yake ya leseni na risasi chache za marisau, kibali cha kuwinda kikiwa mfukoni, akaenda na rafiki zake wawili pembezoni mwa mashamba kutafuta kanga na kwale. Hakuwa mfanyabiashara wa nyama. Siku nyingi alirudi mikono mitupu, na mkewe akamcheka. Alichopenda ni kutembea katika umande, kusikiliza, kusimama kimya na kulenga. "Sista," alituambia siku moja, "darasani nilisema wiki nzima. Jumamosi nilinyamaza."

Kisha nyonga ya kulia ikaanza kumuuma. Mwanzoni ilimuuma akipanda mlima tu, baadaye hata kitandani usiku. Alijichua kwa mafuta, akanywa vidonge vya dukani, akafunga hirizi ya shaba aliyoletewa na shemeji yake (hili alituambia kwa aibu). Picha ya eksirei ilionyesha kwamba gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa katika kiungo, umekwisha kabisa, na mfupa unasagana na mfupa. Ugonjwa huu huwapata hasa wazee. Lakini hapa kwetu tunawaona pia vijana wenye sikoseli ambao kichwa cha mfupa wa paja kimekufa kwa kukosa damu, na watu waliovunjika shingo ya paja kwa kuanguka.

Mzee alipelekwa Dar es Salaam, akafanyiwa upasuaji. Kichwa cha mfupa wa paja kilichoharibika kilikatwa, mahali pake pakawekwa kichwa cha chuma chenye mguu unaoingia ndani ya mfupa, na katika kikombe cha nyonga pakawekwa kikombe kipya chenye plastiki ngumu ndani yake. Njia hii si ya jana. Daktari John Charnley wa Uingereza ndiye aliyeanza mwaka 1962 kutumia plastiki ya namna hiyo katika nyonga, pamoja na saruji maalumu ya kushikizia kiungo kwenye mfupa, na mpaka leo madaktari wanaendelea kuuboresha mpango ule ule wake.

Tulipompokea, mguu ulikuwa unakwenda vizuri. Maumivu ya zamani yalikuwa yametoweka, yamebaki ya kidonda tu. Nasi tukafanya kama tulivyozoea: tukakaa naye na mkewe, tukamsomea makatazo. Usikae kwenye kigoda. Usichuchumae. Usipandishe mguu juu ya mwingine. Usiiname kuokota kitu. Usigeuke ghafula mguu ukiwa umekanyaga chini. Ulale na mto katikati ya mapaja. Yote yalikuwa sahihi. Tukamuuliza, "Mzee, umeelewa?" Akajibu, "Nimeelewa." Tukamwandikia tarehe ya kurudi, tukamwita mgonjwa anayefuata.

Hatukumwuliza Jumamosi zake anazipitishaje.

WIKI YA TANO

Mkewe alitueleza baadaye yaliyotokea nyumbani. Jumamosi ya kwanza rafiki zake walipita kumsalimu, wakamwachia kanga mmoja. Ya pili walipita wakiwa na haraka. Ya tatu hawakupita. Nadhani hawakutaka kumtia uchungu. Mzee akawa anakaa barazani, hali chakula vizuri, hataki mazoezi, anajibu kwa mkato. Kila baada ya siku mbili alitoa bunduki kabatini, akaifuta mafuta, akairudisha. Mama wa watu alidhani ni dawa zinazomchosha.

Katika wiki ya tano, Jumamosi alfajiri, aliondoka kimya kimya na mkongojo wake mkono mmoja na shotigani begani. Aliwakuta wenzake njiani, nao kwa furaha ya kumwona hawakumkataza. Alitembea polepole. Kanga waliporuka alisimama imara, akafyatua, na mmoja akaanguka hatua chache mbele yake. Wengi wetu tuliposikia habari hii tulidhani mshindo wa bunduki ndio uliomuumiza. Sivyo. Mshindo ule aliupokea begani kama siku zote, wala nyonga haikudhurika. Aliumia kwa sababu alikwenda mwenyewe kumwokota ndege. Aliinama, goti likaingia ndani, akajipinda kidogo kumfikia kanga chini ya kichaka, na nyonga ikateguka. Alituambia alisikia "ko!" kisha hakuweza kusimama tena.

Walimbeba kwa machela ya miti mpaka barabarani. Alipofika kwetu mguu ulikuwa umefupika na unyayo umegeukia ndani, na hizo ndizo dalili za nyonga iliyoteguka kwa nyuma. Eksirei ilionyesha kwamba mfupa haujavunjika, tukamshukuru Mungu. Daktari alimlaza kwa dawa ya usingizi, akairudisha. Mzee akaanza kuhesabu wiki upya kutoka moja.

Ndugu msomaji, labda utasema mzee alikuwa mkaidi. Sisi tunasema kosa letu lilitangulia lake. Tulimpa makatazo kumi bila kujua ni lipi kati ya hayo litakalomgusa moyoni. Mtu ambaye hakuambiwa lini atarudi kwenye jambo lake hujipangia tarehe mwenyewe. Tangu siku ile, kila mgonjwa wa nyonga au goti anayepita mikononi mwetu tunamwuliza swali moja kabla ya yote: "Ukipona, kitu cha kwanza unachotaka kufanya ni nini?" Mama mmoja alisema kucheza ngoma harusini kwa mwanawe. Mwingine alisema kupalilia mwenyewe, maana vibarua wanamkatia mahindi. Tukishajua, tunapanga mazoezi kuelekea huko.

KWA NINI NI LAZIMA KUNGOJA

Kiungo bandia chenyewe ni imara tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana siku hizi mgonjwa husimamishwa siku ile ile ya upasuaji au kesho yake. Kinachohitaji muda ni nyama na kano zilizokatwa ili kukifikia. Hizo ndizo zinazokishikilia kichwa kisitoke kwenye kikombe. Kwa mtu aliyepasuliwa upande wa nyuma wa nyonga, hatari ni mambo matatu yakikutana: kukunja nyonga kupita pembe ya nyuzi 90, kuingiza goti ndani, na kugeuza unyayo ndani. Mtu anayeinama kuokota kitu kilicho pembeni hufanya yote matatu kwa mara moja. Tahadhari hizi kwa kawaida hushikwa kwa wiki 6 hadi 12, lakini waliopasuliwa kwa mbele wana masharti tofauti. Basi mwulize daktari wako alipitia wapi, wala usichukue masharti ya jirani.

Kwa waliobadilishiwa goti shida ni nyingine. Goti haliteguki kirahisi, bali hukakamaa. Usiweke mto chini ya goti ukilala, hata kama unakupa nafuu, maana litazoea kukunjika na halitanyooka tena sawasawa. Kaza msuli wa mbele wa paja, hesabu mpaka tano, legeza. Fanya hivyo mara nyingi kwa siku. Kupiga magoti kanisani kuache kwanza, kaa au simama. Mpiga shabaha aliyezoea kulenga akiwa amepiga goti moja chini naye abadilishe mtindo wake. Na aliyebadilishiwa bega asiguse bunduki kabisa mpaka azungumze na daktari aliyempasua, kwa kuwa huyo mshindo wote unamfikia pale pale penye kiungo kipya.

Hatari kubwa zaidi kuliko zote hizi haionekani. Baada ya upasuaji wa nyonga au goti damu inaweza kuganda katika mshipa wa mguu, kisha bonge likasafiri mpaka kwenye mapafu. Ndiyo maana unapewa dawa ya kuzuia damu kuganda. Imalize hata kama unajiona mzima. Pampu nyayo zako juu na chini kila saa unapokuwa macho. Ukisafiri kwa basi, kaa kiti cha kando ya njia, weka mto mgumu chini yako, na basi likisimama ushuke utembee kidogo. Ukiona ndama ya mguu imevimba na inauma, au pumzi zimekubana ghafula, au una homa na kidonda kinatoa maji, usingoje kliniki. Njoo siku hiyo hiyo. Wala usikubali mtu akuchue au akuchanje mahali hapo. Vijidudu vikiingia kwenye kiungo bandia huenda kikalazimika kutolewa chote.

Neno moja kuhusu choo, maana wengi huona haya kuuliza. Choo cha kuchuchumaa hakifai kwa miezi hiyo. Fundi seremala yeyote anaweza kutengeneza kiti imara kilichotobolewa katikati, ukakiweka juu ya tundu. Pima hivi: ukikaa, nyonga ziwe juu kuliko magoti.

JUMAMOSI ZA KUNGOJEA

Mara ya pili tulikaa na mzee na rafiki zake wawili pamoja. Tulipanga kwamba Jumamosi watapita kama kawaida, lakini watakunywa chai barazani kwanza. Alipewa darubini ya mmoja wao, naye akaanza kuhesabu kanga wanaoshuka kunywa maji bondeni na kuwaandika katika daftari, kama mwalimu. Mikono yake aliizoeza kwa kunyanyua ubao wa uzito wa kilo 3, sawa na shotigani yake, akiwa ameketi kwenye kiti kirefu. Bunduki yenyewe ilibaki kabatini chini ya kufuli, ufunguo kwa mkewe, kwa sababu mbili. Kwanza, vidonge vikali vya maumivu kama tramadoli huleta kizunguzungu na usingizi, na mtu anayevitumia hafai kushika silaha. Pili, mkongojo na bunduki havishikwi na mtu mmoja. Akijikwaa ataachia kimojawapo, na hatujui kipi.

Tulimsimulia pia habari za Károly Takács, askari wa Hungaria aliyekuwa bingwa wa bastola. Mwaka 1938 bomu la mkono lilipasuka katika mkono wake wa kulia, ule ule wa kulengea. Alijifunza upya kwa mkono wa kushoto bila kumwambia mtu, akashinda dhahabu katika Olimpiki ya London mwaka 1948 na tena Helsinki mwaka 1952. Mzee alisikiliza, kisha akauliza kama huyo Takács naye alikuwa na mke wa kumfungia kabati. Tulicheka sana wodini siku ile.

Aliuliza jambo jingine la maana zaidi: nyonga hii itadumu miaka mingapi? Uchunguzi uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2019 ulionyesha kwamba nyonga bandia kama 58 kati ya 100 hudumu miaka 25, na magoti mazima ya bandia kama 82. Mzee alipiga hesabu. "Nitakuwa na miaka 92," akasema, "hapo kanga watakuwa wananicheka."

Baada ya miezi mitatu daktari alimpima, akaangalia eksirei, akamruhusu. Tulimwekea masharti yetu: ardhi tambarare tu, risasi iingizwe bundukini akiwa amesimama mahali pake, ageuke kwa kuhamisha nyayo na si kwa kupinda kiuno, na ndege aokotwe na mwingine. Hilo la mwisho lilimuuma kuliko yote. Kwa mwindaji, kumwacha mwenzako akuokotee ni kama kulishwa kwa kijiko.

Siku hizi huenda na kile kiti kirefu, kimefungwa nyuma ya baiskeli ya rafiki yake, na hukaa chini ya mwembe ulio karibu na bonde. Mjukuu wake wa miaka 14 ndiye anayekwenda kuokota, kila bunduki ikiwa imekwisha kufunguliwa na kutolewa risasi. Mwezi uliopita alitukuta kliniki na daftari lake. Alikuwa ameandika kanga 41, na waliopigwa 2.