Gari Litetemekapo Likishuka na Ndizi

Wakati wa masika, kuanzia Machi hata Mei, udongo mwekundu wa Kibosho na Marangu hushika ndani ya rimu, ukakaukia upande mmoja. Gari likifika lami ya kwenda Moshi na kuongeza mwendo, gurudumu lenye upande mzito hurukaruka, na gari lote hutetemeka. Basi, mkulima, kabla ya kumlipa fundi, osha rimu upande wa ndani, ambao wengi hawauoshi kamwe.

Lakini kwanza kaza nati, moja kisha ile iliyo mkabala nayo: nati zilizolegea zaweza kuliachia gurudumu mtelemkoni. Usukani ukitikisika, kagua magurudumu ya mbele. Kiti kikitikisika, ya nyuma. Mpira uliovimba ubavuni hauzibwi. Uondoe siku ile ile. Likitetemeka ushikapo breki tu, mara nyingi kosa li katika breki zenyewe.