Bibi Ana Panadol, Baba Ana Tylenol

Katika kikao chetu cha mwezi uliopita, chapati zikiwa bado za moto, mwenzetu mmoja anayesomea shahada ya uzamivu alitusimulia jambo lililotufanya tuache kula. Mtoto wake wa miezi saba alichomwa chanjo, na jioni akapata homa. Baba mtu akampa Tylenol ya maji kwa kipimo walichopewa na daktari, kisha akaenda kazini. Baada ya saa moja hivi bibi, aliyetoka Tanga kuja kumsaidia mwanawe kulea, aliona mjukuu bado analia. Akafungua sanduku lake, akatoa chupa ya dawa aliyonunua kabla ya safari, akamnywesha kijiko kimoja.

Mama aliporudi kutoka maktaba akaambiwa, "Usijali mwanangu, nimeshampa Panadol."

"Mama, si baba yake alishampa dawa?"

"Ile ni ya Kizungu. Mimi nimempa Panadol."

Hapo ndipo penye mtego. Dawa inayoitwa asetaminofeni huku Marekani ndiyo parasetamoli ya Afrika Mashariki na ya Uingereza. Ni dawa moja. Huku watu wengi huijua kwa jina la Tylenol, na sisi huiita Panadol hata chupa ikiwa imeandikwa jina jingine. Bibi amelea watoto sita, na hakufanya uzembe wowote. Nani aliwahi kumwambia kwamba chupa zile mbili ni kitu kimoja?

Tulifanya hesabu palepale mezani. Kipimo cha mtoto hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kisha kungoja saa nne hadi sita kabla ya kurudia, isizidi mara tano kwa siku nzima. Mtoto yule ana kilo 8, kwa hiyo kikomo chake kwa mara moja ni miligramu 120. Baba alimpa mililita 3.75 za dawa ya huku, yenye miligramu 160 kwa kila mililita 5; hizo ni 120 kamili. Chupa ya bibi ilikuwa na miligramu 120 kwa mililita 5, na kijiko chake kikaongeza 120 nyingine. Jumla mara mbili ya kikomo ndani ya saa moja, tena tukiamini kwamba kijiko cha chai kilikuwa kweli na mililita 5. Vijiko vya jikoni havilingani. Tuliwahi kupima vitatu vya nyumba moja tukapata vipimo vitatu.

Mwenzetu alipiga 1-800-222-1222, simu ya Marekani ya ushauri wa sumu, ambayo ni ya bure, hupokelewa usiku na mchana, na ina wakalimani. Akaulizwa uzito wa mtoto, jina la kila dawa, mililita ngapi, na saa ngapi. Akaambiwa asimpe dozi nyingine usiku ule, amwangalie tu. Mtoto akalala vizuri.

Kosa la mara moja namna hii kwa kawaida halimdhuru mtoto mwenye afya. La kuogopa ni kulirudia siku mbili tatu bila kujua, maana dawa hii ikizidi huharibu ini. Na mtoto anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza, wakati dawa ya kuitibu sumu hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya muda wa saa 8. Kwa hiyo simu hupigwa kabla ya dalili.

Nyumbani muuzaji wa duka la dawa hukuandikia "1x3" ukaondoka. Huku ukigeuza kisanduku cha asetaminofeni kutafuta kipimo cha mtoto wa chini ya miaka miwili, hukuti namba. Umeandikiwa tu umuulize daktari. Muulize kweli, na umtajie kilo. Dawa ipimwe kwa lile bomba dogo lisilo na sindano linalokuja na chupa.

Ibuprofeni nayo ina mtego wake. Huku ya matone ina miligramu 50 kwa mililita 1.25, na ya watoto wakubwa 100 kwa mililita 5, yaani ya wachanga ni kali maradufu. Chini ya miezi sita hapewi bila daktari. Aspirini asipewe mtoto kabisa. Na kichanga wa chini ya miezi mitatu akifika nyuzi 38, ambazo kipimajoto cha huku huandika 100.4, apelekwe kwa daktari saa hiyohiyo, bila kwanza kuishusha homa kwa dawa.

Sasa mlango wa friji ya mwenzetu una karatasi: dawa, mililita, saa. Siku ya kwanza bibi aliandika "saa 10", akimaanisha alasiri. Baba mtu, aliyezaliwa Marekani, alirudi saa kumi na moja jioni, akasoma 10 ya asubuhi, akashika chupa ampe mtoto nyingine. Bibi akaidaka mkononi mwake. Walimu wetu wanaotusahihisha saa kila wiki watacheka, lakini siku hizi kando ya kila saa ya bibi pamechorwa saa ya ukutani, yenye mishale.