Mibuyu ya Morondava si mchezo, fika kabla jua halijazama

Kama unadhani umeyamaliza mambo ya mbuyu kwa kutafuna mabuyu mekundu ya Mombasa hadi ulimi ukabadilika rangi, ngoja ufike Morondava, magharibi mwa Madagaska.

Takribani kilomita 20 kutoka mjini, barabara inapita katikati ya mibuyu zaidi ya 20 iliyosimama huku na huku kama askari wa gwaride. Mirefu ajabu! Mingine inakaribia mita 30, shina nene lililonyooka kama nguzo, halafu vijitawi kileleni tu. Si kama ule wetu wa Pwani, mfupi, mnene, uliojitandaza. Dunia ina aina nane za mibuyu, na sita kati ya hizo hupatikana Madagaska pekee. Hii wenyeji huiita renala, yaani mama wa msitu.

Sasa jiulize, msitu wenyewe uko wapi? Hapo ndipo penye kidonda. Zamani miti hii ilizungukwa na msitu mnene. Watu wakafyeka na kuchoma ili wapate mashamba, wakaiacha mibuyu kwa sababu wanaiheshimu na ina kazi: tunda huliwa, gome husokotwa kamba. Kwa hiyo unachopiga picha ni mabaki. Na ukiacha kutazama juu, utaona miche ni haba mno. Moto na mifugo huimaliza ingali midogo, nayo maji ya mashamba ya mpunga hudhuru mizizi ya wazee. Eneo hili liliwekwa chini ya ulinzi mwaka wa 2007, lakini ulinzi wa makaratasi haumwagilii mche.

Ukipanga safari, nenda kiangazi, kati ya Aprili na Novemba, maana wakati wa mvua barabara huwa tope tupu. Fika saa kumi na moja jioni, magome yakianza kuwa mekundu. Selfi ruhusa; kuchonga jina lako kwenye gome, hapana, tafadhali.

Nauli haipo? Basi abiria matatu ya Mombasa kwenda Malindi, ukae dirishani. Mibuyu utaiona bila kiingilio. Ila usichelewe sana: mwaka wa 2022 mingine iling'olewa Kilifi ili isafirishwe hadi Georgia, mpaka Rais Ruto akaagiza uchunguzi.