Parebufle: chuma kinacholinda gari na kuumiza mpita njia

Jina lake linaeleza kazi yake. Kwa Kifaransa, parebufle ni kizuizi cha nyati: mabomba ya chuma yanayofungwa mbele ya jeep ili, mnyama akigongwa porini, taa na radiateri zisivunjike na gari liendelee na safari. Lakini kwenye barabara za Butembo, Bunia ao Bukavu hakuna nyati. Kuna wanafunzi wanaotoka masomo, wamama wenye mizigo, wasukuma chukudu na motari. Hao ndio wanaokutana na chuma hicho.

Parebufle zingine zinatoka kwa viwanda vinavyotengeneza magari. Zingine zinachomelewa kwenye garaji zetu, kwa mabomba yanayopatikana sokoni, kufuatana na macho ya fundi na mapenzi ya mwenye gari. Mara nyingi si pori linalomsukuma mtu kuifunga. Ni heshima: gari lenye parebufle linaonekana kubwa, na wengine wanalipisha njia.

Pigo linaenda kwa nani?

Sehemu ya mbele ya gari la kisasa imetengenezwa ili ibonyee. Pareshoke ya plastiki na kapo vinakunjika, na kwa kukunjika vinameza sehemu ya nguvu ya pigo. Bomba la chuma lililofungwa kwenye shasi halikunjiki. Nguvu yote inakusanyika mahali padogo kwenye mwili wa yule aliyegongwa. Kwa mtu mzima, hapo ni paja ao kiuno. Kwa mtoto, bomba la juu linaweza kuwa usawa wa kifua ao kichwa. Kwa hiyo ajali ambayo mtu angetoka na mguu uliovunjika inaweza kumuua.

Hatari hiyo inagusa watu wengi. Shirika la Afya Duniani (OMS) linakadiria kwamba watu milioni 1,19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021. Watembea kwa miguu walikuwa asilimia 23, na wale wa pikipiki na vyombo vya magurudumu matatu asilimia 21. Kwetu, ambako wengi wanatembea kwa miguu ao kupanda moto, kila mmoja anaweza kujiona katika hesabu hiyo.

Hata mwenye gari hayuko salama

Dereva anafikiri chuma kinamlinda. Si hakika. Gari likigonga ukuta ao lori, mbele yake inapaswa kukunjika polepole ili walio ndani wasipate pigo lote kwa mara moja. Parebufle ngumu inaweza kupeleka pigo hilo moja kwa moja kwenye shasi. Tena, magari mengi yana mifuko ya hewa inayofunguka wakati wa ajali kwa kufuata vipimo vilivyowekwa kiwandani. Chuma kilichoongezwa bila kupimwa kinaweza kuifanya ifunguke kwa kuchelewa, ao ifunguke kwa pigo dogo lisiloihitaji.

Kuna pia uzito. Kilo nyingi mbele zinachosha amortisa, na usukani unakuwa mzito. Mabomba mengine yanakata mwanga wa taa, na mengine yanaficha namba ya gari.

Sheria inasema nini?

Mwaka 1977 nchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaire, ilijiunga na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya usafiri barabarani. Mkataba huo unaomba magari yatengenezwe, kadiri inavyowezekana, kwa namna ya kupunguza hatari kwa walio ndani na kwa wengine barabarani. Unakataza mapambo ao vitu vyenye kutokeza ao vyenye makali pasipo lazima. Na kifungu cha 215 cha Katiba kinasema kwamba mikataba iliyofungwa sawasawa na kutangazwa iko juu ya sheria za kawaida.

Kweli, mkataba hautaji parebufle kwa jina, na neno "kadiri inavyowezekana" linaacha mlango wazi. Nchi zingine zimeufunga. Katika Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2005 lilitaka parebufle mpya zijaribiwe kwanza kwa mfano wa mguu wa mtu na wa kichwa cha mtoto, hata zile zinazouzwa kando na gari. Isiyofaulu haiuzwi. India, Disemba 2017, serikali kuu iliomba majimbo yaadhibu wanaozifunga, kwa sababu sheria yao ya mwaka 1988 inakataza kubadilisha gari bila ruhusa.

Huku kwetu, kwenye kizuizi, dereva anaulizwa permi, bima na karatasi ya kontrole tekiniki. Chuma kilicho mbele ya gari, ni mara chache mtu kukiuliza.

Ufanye nini?

Kama gari lako linazunguka mjini tu, jibu ni fupi: ifungue. Ukihitaji kweli, kwa safari za porini, tafuta iliyotengenezwa kwa aina ya gari lako na iliyopimwa pamoja na mifuko yake ya hewa. Kataa ncha zilizokatwa na kuachwa wazi. Hakikisha taa na namba vinaonekana. Uliza kampuni ya bima yako kwa maandishi kama inakubali mabadiliko hayo, mbele ya ajali, si nyuma yake.

Na fundi anayechomelea ana neno lake pia. Mteja akileta mabomba, amuulize swali moja: mara ya mwisho uligonga nyati ni lini?